Jina la Ksawery Juu ya Shairi Langu

Alhamisi, 2 Oktoba 1952

Ukungu tangu alfajiri, na moshi wa makaa ya mawe umeifunika Kraków kama kifuniko cha sufuria. Nimeanza daftari hili kwa sababu nimezoea kusema peke yangu, na Leokadia, jirani yangu hapa Nyumba ya Waandishi, ameanza kuniuliza jana nilikuwa na mgeni gani. Afadhali niandike. Maandishi hayapenyi ukutani.

Leo nimempelekea Ksawery supu ya bitiruti, kama kila Alhamisi. Anakaa ghorofa ya nne, na ngazi zake za mbao zinalia kila unapokanyaga. Tangu alipofukuzwa kwenye Chama cha Waandishi mwezi wa nne, wanaozipanda ni mimi, daktari wake wa mapafu, na paka wa jirani. Kosa lake mji mzima unalijua. Washairi wote waliambiwa wakisifu kiwanda kipya cha chuma. Yeye akasimama mkutanoni akasema hajawahi kukiona, sasa atakisifuje? Wakampakia kwenye basi, wakamtembeza kiwandani siku nzima. Mkutano uliofuata akasimama tena. "Nawashukuru sana, ndugu zangu. Nimekiona, na sasa ndiyo siwezi kabisa." Ukumbi mzima ukacheka. Wale wale waliocheka wakanyoosha mikono afukuzwe, na vitabu vyake vikaondolewa madukani.

Nilimsomea shairi jipya. Alisikiliza huku akinywa supu kwa kelele, kisha akachukua penseli yake nyekundu akaukata ubeti wa mwisho, kama alivyonifanyia miaka yote hii tangu nikiwa msichana.

"Hapa ulikuwa umeshamaliza," akasema. "Huku chini unafanya nini? Unawasindikiza wageni mpaka stesheni?"

"Huo ubeti nimeuhangaikia wiki nzima, mzee."

"Ndiyo maana unanuka jasho. Ongeza supu."

Nimerudi nimenuna. Nimelisoma tena bila ubeti ule, na amesema kweli, mzee mwenye gubu yule.

Ijumaa, 3 Oktoba

Mvua. Leokadia anakata kabichi ya kuchachisha. Jengo zima linanuka.

Jumanne, 7 Oktoba

Amekuja Zenon Pabisz wa Idara ya Utamaduni. Kijana wa miaka thelathini hivi, kofia imelowa, mkoba kifuani kama mtu aliyebeba mtoto. Nilipomwona mlangoni nikajua amekuja kuninyang'anya chumba. Nikamkaribisha kwa ubaridi, nikamwachia kiti kibovu.

"Ndugu Wierzbowska," akasema, "nina habari njema. Waamuzi wamekuchagua wewe. Tuzo ya Mkoa ni yako, na kitabu chako kinaingia mtamboni wiki hiyo hiyo."

Nikalazimika kukaa kitandani. Kitabu hicho kimelala kwa wachapaji mwaka wa nne sasa. Nina miaka arobaini na saba na cha mwisho kilitoka kabla ya vita. Kuna kizazi kizima kimekua hakijui kama nipo. Usiku na mchana hofu yangu ni moja, kufa nikiwa mshairi wa droo, ambaye beti zake hakuna azisomaye.

"Kuna kajambo kadogo," akasema Pabisz, na macho yake yakaenda kwenye jiko la kuotea moto. "Lile shairi la 'Ngazi'. Lina tabaruku."

Lina tabaruku, ndiyo. *Kwa Ksawery Drozd, anayesikia nyayo zangu kabla sijabisha.*

"Shairi halitaguswa. Hata mkato mmoja hautaondolewa. Ni jina tu, Ndugu."

"Na jina likibaki?"

"Kitabu nacho kitabaki kilipo. Ingekuwa amri yangu, ningekichapa kesho."

"Lakini si amri yako."

"Hapana," akasema. "Si amri yangu."

Kisha, bila kuombwa, akafumba macho akalighani "Ngazi" lote kwa kichwa, mwanzo hadi mwisho. Nilitamani akosee mahali nimcheke. Hakukosea, na pale ambapo mimi mwenyewe huharakisha, yeye alitua, na kutua kwake kulikuwa bora. Amenipa mpaka mwisho wa mwezi. Alipoondoka nilimenya viazi vya watu watatu, na nakula peke yangu.

Alhamisi, 9 Oktoba

Kwa Ksawery. Sikumwambia. Nilikaa ncha ya kiti, nikasimama, nikachungulia dirishani, nikakaa.

"Una nini wewe?" akasema. "Umekaa kama mtu anayengoja treni."

"Mgongo tu."

"Mgongo wa mshairi hauumi mpaka kuna kitu umekibeba," akasema, akaendelea kuwarushia njiwa makombo. Hakuuliza zaidi, na si tabia yake kuacha kuuliza.

Jumapili, 12 Oktoba

Nimeizunguka bustani ya Planty mpaka yule mzee anayeuza mikate ya mviringo akaniuliza kama nimepoteza mbwa.

Jumatano, 15 Oktoba

Jiko letu ni la pamoja, kwa hiyo hakuna siri. Leokadia ameshajua, na amenikamata kwenye pipa la kabichi, mikono yake imejaa chumvi hadi viwikoni.

"Chukua, shoga," akasema. "Jina ni kitu gani? Kuna watu siku hizi wanawakana waume zao, wewe unashindwa kufuta mstari mmoja?"

"Ungekuwa wewe ungefuta?"

"Mimi nisingeliandika tangu mwanzo. Nishikie hilo jiwe."

Nikamshikia jiwe la kukandamizia kabichi. Leokadia aliandika riwaya ya waashi ambayo kila mtu ndani yake anatabasamu, hata anayeanguka kutoka kwenye jukwaa. Alipata tuzo mwaka juzi. Namdharau, nasema wazi, na kabichi yake naila.

Alhamisi, 16 Oktoba

Sikwenda kwa Ksawery. Nimesingizia mafua.

Alhamisi, 23 Oktoba

Bado nina mafua.

Ijumaa, 24 Oktoba

Leokadia amerudi kutoka kupanga foleni ya sukari, hajavua hata kitambaa cha kichwa.

"Shoga, nimemwona mtu wako."

"Mtu wangu nani?"

"Huyo Pabisz. Anatoka kwenye jengo la Ksawery, anajifuta jasho. Na baridi hii!"

Damu ilinipanda. Kumbe ndiyo kazi yake. Ananighania mashairi kwangu, kisha anapanda ngazi kwenda kumchunguza mgonjwa. Nikayakumbuka macho yake aliyoyafumba, na nikaona aibu kwamba kutua kwake kulinipendeza.

Kilichonitisha zaidi ni wazo lililofuata. Nikikataa, watasema ni Ksawery aliyenitia kiburi, na watamfuata tena. Kwa hiyo kulifuta jina lake ni kumlinda. Nimelipenda wazo hili haraka mno, na kitu ninachokipenda haraka hivyo huwa sikiamini. Lakini nimelala nalo.

Alhamisi, 30 Oktoba

Nimekwenda Idarani mwenyewe. Pabisz alinifungulia muswada ukurasa wa "Ngazi" akanipa kalamu. Nikalifuta jina la Ksawery. Wakati nafuta, Pabisz aligeuka akatazama dirishani, na dirisha lake linatazamana na ukuta.

"Sasa tupange siku," akasema. Ukutani kuna kalenda mpya ya ofisi, ile yenye siku za uzalishaji na kumbukumbu za mapinduzi. Watakatifu wote wameondolewa. Akatembeza kidole. "Tarehe tatu Desemba, Jumatano. Siku hiyo hakuna kitu."

Nikatazama. Kweli, palikuwa peupe.

Nilikuwa nimeshafika kituo cha tramu ndipo nikakumbuka. Tarehe tatu Desemba ni siku ya somo wa Ksawery. Mtakatifu wake. Siku ambayo kwetu sisi mtu haalikwi. Kila mmoja anaijua tarehe, na anayekupenda anakuja na maua, wewe kazi yako ni kuandaa meza na kungoja. Miaka yote siku hiyo nyumba yake ilikuwa haina pa kutemea mate kwa wageni. Nao wamepanga kunivisha tuzo siku hiyo hiyo, kwa shairi nililolifuta jina lake. Nilicheka kwa sauti kituoni, na mama mmoja akamvuta mtoto wake upande.

Jumamosi, 1 Novemba

Siku ya Watakatifu Wote. Mji mzima uko makaburini na mishumaa yake na yale maua meupe ya krisantemu. Nilipomaliza kwenye kaburi la mama yangu nilimwona Ksawery kwenye kaburi la mkewe. Alikuwa ameinama, anawasha mshumaa, upepo unauzima, anawasha tena, na kila akiinama kikohozi kinamkamata. Na mimi nilifanya nini? Nilijificha nyuma ya malaika wa jiwe wa watu nisiowajua.

"Toka huko," akasema bila kugeuka. "Utamwamsha marehemu wa watu."

Nikatoka.

"Mafua yako yanachukua muda."

"Mzee, nimepewa tuzo."

"Nimesikia. Hongera."

"Kuna kitu nataka kukwambia kuhusu..."

"Nishikie hapa, uzuie upepo."

Nikazuia upepo kwa viganja. Nilijaribu tena kusema, akaniomba kiberiti. Mara ya tatu akaniambia nimsomee maandishi ya kaburi la jirani kwa kuwa hana miwani. Mshumaa ulipowaka akaniinamia kama bwana wa zamani, akaenda zake taratibu kati ya taa. Nilijiona mdogo kama punje, na nimebaki hivyo mpaka sasa ninapoandika.

Jumatano, 5 Novemba

Manyunyu. Nimeandika beti tano, nimechana beti tano.

Ijumaa, 14 Novemba

Pabisz tena. Safari hii amekonda, na kola imemlegea. Hakukaa.

"Kuna sentensi," akasema.

"Sentensi gani?"

"Ya kushukuru. Wakubwa wanataka useme kwamba umejinasua na walimu waliopotoka wa zama zile. Hawatajwi kwa majina."

"Walimu wangapi nimekuwa nao, Ndugu Pabisz? Mji mzima unajua ni mmoja."

"Ni sentensi moja tu."

"Jana lilikuwa jina tu. Leo sentensi tu. Kesho?"

"Basi nusu," akasema kwa sauti ya chini. "Naweza kuwaomba iwe nusu."

"Upande upi? Wa kichwa au wa miguu?"

Hakucheka. Akasema sentensi imeshaandikwa, nitakabidhiwa siku ya sherehe, na nisipoisoma kitabu kitabaki kwenye rafu ya wachapaji mpaka mimi na yeye tuwe tumezikwa. Ndipo nikamuuliza lililonikaa kooni wiki tatu. Alikwenda kutafuta nini kwa Ksawery?

Akawa mwekundu mpaka masikioni. "Nilikwenda kumsalimu," akasema, akatoka. Kofia ameisahau. Nimeitundika kwenye msumari na kila nikipita inaniudhi.

Alhamisi, 20 Novemba

Theluji ya kwanza. Nimefika mpaka mlango wa jengo la Ksawery na sufuria mkononi, nikarudi. Supu nimeinywa mwenyewe ikiwa imepoa.

Alhamisi, 27 Novemba

Leokadia ameniazima kola yake ya manyoya kwa ajili ya sherehe. Alinifunga mwenyewe mbele ya kioo, pini mdomoni.

"Yangu ilikuwa tamu siku tatu," akasema ghafla.

"Nini?"

"Tuzo. Siku ya nne nilianza kuhesabu nani hanisalimii ngazini. Simama vizuri, unapinda kama mshumaa."

Nikamtazama kwenye kioo. Sikuwahi kuona kwamba ana macho ya mtu asiyelala.

Jumanne, 2 Desemba

Sijui nitasema nini kesho. Nikiisoma ile sentensi, nimepata kitabu na nimempoteza Ksawery. Nisipoisoma, nimekipoteza kitabu, na Ksawery nimeshamfuta kwa mkono wangu tayari. Nimepiga viatu rangi mpaka vimekuwa vya mtu mwingine.

Alhamisi, 4 Desemba

Jana. Nijaribu kuiandika kwa mpangilio.

Ukumbi ulijaa. Mbele walikaa wakubwa na wake zao, nyuma wanafunzi walioletwa kwa malori, na pembeni bendi ya tarumbeta ya kiwanda cha chuma, kwa ajili ya wimbo wa taifa. Nilipewa cheti chenye muhuri na shada la maua. Desemba maua hayapatikani, kwa hiyo bustani ya manispaa ilikuwa imetoa ilichobakiwa nacho tangu siku ya wafu, krisantemu nyeupe. Mimi mwenye tuzo nikasimama jukwaani na maua ya makaburini, na hakuna aliyethubutu kucheka.

Nikasoma "Ngazi". Niliposema jina la shairi nilisita mahali ambapo tabaruku ilikuwa, na ule ukimya ulinichoma. Nikasoma hadi mwisho. Walipiga makofi vizuri. Mwenyekiti, mtu mnene mwenye sauti ya upole, akanisogezea karatasi yenye sentensi. Pabisz alikuwa amesimama kando ya pazia, anatazama viatu vyake.

Nikaifungua. Ilikuwa imepigwa taipu vizuri. Nikafungua mdomo niisome, na sitajipamba humu ndani, nilikuwa naisoma. Neno la kwanza lilikuwa "Leo". Nikasema, "Leo..." na hapo nikaona wanawake wazee wa safu ya pili, wale wenye kalenda ya parokia jikoni. Kila mmoja wao anajua leo ni siku gani.

"Leo ni tarehe tatu Desemba," nikasema. "Ni siku ya somo wa Ksawery."

Sikusema zaidi. Sikuwa na zaidi.

Halafu kutoka katikati ikatoka sauti mbovu, ya pua, inayokwaruza kama mlango wa ghala. Ilikuwa sauti ya Leokadia. Alikuwa ameanza ule wimbo wetu, ule wa kumwombea mtu umri mrefu siku ya somo wake.

Sasa, sisi tuna ugonjwa mmoja. Wimbo ule ukianza, hukai. Tumeuimba tangu tukiwa mapajani mwa mama zetu. Miguu inasimama kabla kichwa hakijauliza unaimbiwa nani. Wanawake wazee wakasimama. Wanafunzi wakasimama. Wake wa wakubwa wakasimama na waume zao wakafuata. Bendi ya kiwanda cha chuma ikadhani ndiyo zamu yake, ikadaka kwa tarumbeta zote. Mwenyekiti mwenyewe alikuwa amesimama anapiga makofi kwa mahadhi, anatabasamu, mpaka mahali pa kumtaja mwenye siku, akafungua mdomo wote, na ndipo nikaona uso wake unakumbuka. Lakini wimbo haukatwi katikati. Huko ni kumtakia mtu mauti. Wakaumaliza. Na pale kando ya pazia Pabisz alikuwa ameimba kila neno, mikono imenyooka kama mwanajeshi.

Mwenyekiti akafunga mkutano kwa maneno machache. Hakuna aliyeniuliza kuhusu sentensi. Nilitoka na maua yangu, nikapita kwenye theluji mpaka kwa Ksawery, na moyo wangu ulikuwa mwepesi kama wa binti wa miaka kumi na sita. Nakiri, nilijivunia.

Mlango ulikuwa wazi. Alikuwa amevaa koti lake jeusi la zamani. Mezani kulikuwa na samaki wa chumvi na vitunguu, mkate uliokatwa, na glasi zote alizonazo, zimepangwa. Hakuna hata moja iliyotumika.

"Maua ya makaburini!" akasema. "Ungengoja basi nife." Lakini macho yalimng'aa. "Haya, sema. Wamekuvisha? Kitabu kinaingia lini mtamboni?"

Nikamweleza. Nilimweleza vizuri, na sauti ya Leokadia nikaiigiza, na tarumbeta pia. Nilikuwa nacheka peke yangu kwa muda kabla sijagundua.

"Umenitaja," akasema.

"Nimekutaja, mzee. Wameimba wote."

Akakaa chini. "Mjinga wewe. Mjinga mkubwa! Nani kakutuma unitaje?"

"Nilikuwa nimekufuta. Nilitaka..."

"Najua ulinifuta! Unadhani nani alimwambia yule kijana anifute?"

Nikabaki nimeshika maua.

"Alikuja hapa Septemba," akasema Ksawery. "Pabisz wako. Akasema kitabu kimekwama kwa sababu ya jina langu, na anaona aibu kukwambia. Nikamwambia, litoe. Mwambie ni amri kutoka juu, usimwambie ni mimi, maana yule ni mbishi kama nyumbu, atakataa. Oktoba akaja tena kuniambia unasitasita. Nikamwambia, mkazie!"

"Ulijua siku zote? Hata makaburini?"

"Kwa nini unadhani nilikuwa nakutuma kiberiti?" Sasa alikuwa anapiga kelele, na kikohozi kinamkata kila neno. "Vitabu vyangu wamechukua. Kiti changu wamechukua. Nimebakiwa na jina, nikakupa ule nalo mkate. Wewe umekwenda kunirudishia na tarumbeta!"

"Sikujua, Ksawery."

"Hujui kumaliza! Miaka ishirini nakwambia, ukishamaliza nyamaza! Toka. Toka kwangu."

Akanisukuma kwa mikono isiyo na nguvu, akafunga mlango. Nikayaacha maua kwenye ndoo ya makaa pale nje. Nilikaa kwenye ngazi nikalia kwa sauti, sijali nani ananisikia. Ndani nilisikia akiondoa glasi mezani, moja moja.

Ijumaa, 5 Desemba

Pabisz ameniletea muswada wangu, na amechukua kofia yake. Kitabu hakitachapwa. Yeye anahamishiwa maktaba ya kiwanda cha saruji, mkoa wa mbali.

"Pole, Bi Apolonia," akasema. Hakusema Ndugu Wierzbowska, safari hii aliniita kwa jina langu.

"Wewe ndiye wa kupewa pole."

"Kwa nini hukunikumbusha kuhusu tarehe?"

"Ulisema siku hiyo hakuna kitu."

Akacheka mpaka akakaa kwenye kile kiti kibovu, kikamwangusha. Nilimpa chai na kiti changu. Nilimtaka radhi kwa niliyoyafikiri juu yake, naye akasema hata yeye alikuwa akiyafikiri juu yake mwenyewe. Alipoondoka nikachukua wino, nikaliandika jina la Ksawery juu ya "Ngazi", pale pale lilipokuwa.

Jumanne, 9 Desemba

Siku ya somo wa Leokadia. Aliandaa meza ya watu kumi na wawili. Nilikwenda mimi. Wengine walipita mlangoni kwa vidole vya miguu, na tuliwasikia wote.

"Kwa nini uliimba, shoga?" nikamuuliza.

"Nilishindwa kujizuia. Mtu akitaja somo, mdomo unafunguka wenyewe." Akanijazia sahani kabichi mpaka ikamwagika. "Tena waliniambia shuleni nisiimbe kamwe mbele za watu. Nikasema leo watanisikia."

Nikamwimbia peke yangu, mpaka mwisho. Tulikula kila kitu.

Alhamisi, 11 Desemba

Barafu ngazini. Nimempelekea Ksawery supu. Hakufungua. Nilisikia pumzi yake upande wa pili wa mlango, fupi fupi, na yeye bila shaka alisikia yangu.

"Mzee, ni mimi."

Nikabisha tena.

Nikaiweka sufuria chini. Juu ya kifuniko nikaifunga kwa uzi karatasi yenye shairi jipya, la kwanza tangu Oktoba. Linahusu meza iliyoandaliwa. Halina tabaruku.

Jumatatu, 15 Desemba

Theluji inaanguka bila upepo. Siwezi kukaa, siwezi kusoma. Leokadia ameniomba niache kutembea, sakafu inatikisika mpaka chumbani kwake.

Alhamisi, 18 Desemba

Nilikuwa kwenye foleni ya samaki wa Krismasi tangu asubuhi. Niliporudi, Leokadia alikuwa ananisubiri mlangoni.

"Kuna mtu alikuja," akasema. "Sikumwona. Nilisikia kikohozi kwenye ngazi, kinapanda, kinapumzika, kinapanda. Halafu kikashuka."

Mbele ya mlango wangu kulikuwa na sufuria, imeoshwa na kusuguliwa hadi nje. Amevuka mji mzima kwa miguu kwenye theluji hii, na mapafu yale. Nikafunua. Ndani kulikuwa na shairi langu. Hakuandika salamu wala neno lolote. Ubeti wa mwisho umekatwa kwa penseli nyekundu, mstari mnene, kutoka pembe hadi pembe.

Nimelisoma nikiwa nimesimama na koti langu, samaki bado mkononi. Kweli, hapo nilikuwa nimeshamaliza.